Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Usalama wa Mashine za Msasa na Zana Nyengine za Umeme katika Karakana za Unguja na Pemba

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mafundi seremala, wachonga milango, waunda vyombo vya baharini, na wenye nyumba wanaojifanyia matengenezo madogo wenyewe. Yamezingatia hali ya visiwani kwetu: umeme unaokatika na kurudi bila taarifa, hewa yenye chumvi, mvua za masika, na mbao ngumu zenye vumbi kali. Asiyekuwa na wakati wa kusoma yote asome jibu la kwanza, kwani mengi yanayofuata yanalitegemea hilo.

Umeme ukikatika nikiwa katikati ya kazi, nifanye nini kwanza?

Chomoa plagi. Kuzima swichi hakutoshi, na wala mafundi wengi hawaizimi hata hiyo swichi, kwa sababu mashine ikishanyamaza mtu huiona kana kwamba imezimwa. Mashine nyingi za msasa na grenda zina kitufe kinachoishikilia swichi ili kidole kisichoke. Umeme ukikatika kitufe hicho hubaki pale pale kilipobanwa. Fundi akaiweka mashine mezani, akatoka barazani kupunga upepo. Umeme unaporudi, mashine huanza kukimbia peke yake. Ile ya msasa wa ukanda hutambaa juu ya meza mpaka ianguke, na grenda hujirusha na diski yake ikiwa katika kasi kamili, pengine mbele ya mtoto aliyetumwa kuleta chai.

Unguja hupata umeme wake kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Bara, na Pemba iliunganishwa na Tanga kwa njia hiyo hiyo mwaka 2010. Waliokuwa wakifanya kazi Unguja kati ya Disemba 2009 na Machi 2010 wanakumbuka jinsi kisiwa kilivyokaa bila ya umeme huo kwa miezi. Siku hizi makatiko ni mafupi zaidi, lakini kwa upande wa usalama katiko fupi ni baya kuliko refu, kwa sababu fundi huwa bado yumo karakanani, mkono u karibu na diski, na akili imeshahamia kwenye mazungumzo.

Kwa hiyo ijengwe tabia moja: mashine ambayo plagi yake haionekani kwa macho ihesabiwe kuwa inawaka. Plagi ikichomolewa, iwekwe juu ya meza pembeni mwa mashine yenyewe, isiachwe ikining'inia karibu na soketi ambako mtu mwengine anaweza kuichomeka kwa nia njema. Kanuni hiyo hiyo itumike wakati wa kubadilisha msasa, diski, msumeno au keekee, na kwa zana za betri maana yake ni kuitoa betri. Umeme ukirudi, ngoja dakika chache kabla ya kuchomeka tena, kwa kuwa nguvu yake hupanda na kushuka mwanzoni, kisha hakikisha swichi imezimwa. Baadhi ya mashine mpya zimeundwa zisiwake zenyewe umeme unaporudi. Hiyo ni sifa nzuri ya kuiulizia dukani, ila isiwe sababu ya kuiacha plagi ukutani.

Nimeletewa mashine iliyotumika kutoka nje. Nitajuaje kama inafaa umeme wetu?

Soma kibati kilichobandikwa ubavuni mwake. Umeme wetu ni volti 230 na hezi 50. Mashine iliyoandikwa 120 imetengenezwa kwa ajili ya Marekani, na iliyoandikwa 100 imetoka Japani. Ukiichomeka moja kwa moja, mota itaungua na pengine mashine itapasuka mkononi. Tahadhari zaidi na zana zilizotoka Uingereza, maana watu hudhani za huko zote zinalingana na zetu kwa vile plagi ni moja. Katika maeneo ya ujenzi ya nchi hiyo hutumika zana za volti 110 zenye plagi ya duara ya rangi ya manjano, na zana hizo hufika huku zikiwa zimekatwa plagi ile na kufungwa ya pini tatu. Kibati hakidanganyi. Kama kimebanduka au kimefutika, ni salama zaidi kuiacha mashine hiyo kwa muuzaji.

Ndani ya plagi ya pini tatu mna fyuzi. Mashine ndogo ya msasa ya wati 300 inatumia ampea moja na kidogo tu, kwa hiyo fyuzi ya 3 inaitosha, ilhali msumeno mkubwa unahitaji ya 13. Fyuzi iliyoungua hubadilishwa kwa fyuzi. Kipande cha waya au karatasi ya sigara huigeuza plagi kuwa jiko.

Je, ni hatari kutumia ekstensheni ndefu au jenereta ufukweni?

Waunda vyombo hawana njia nyengine, kwani dau haliundwi chumbani. Hatari ziko mbili, na zote zina dawa.

Ya kwanza ni waya mwembamba. Waya wa milimita mraba 1.5 wenye urefu wa mita 50, ukibeba ampea 10, hupoteza takriban volti 14 njiani. Mota huishiwa nguvu, fundi huikandamiza zaidi, na joto hupanda mpaka harufu itoke. Kwa urefu huo tumia waya wa 2.5. Na ukiwa umezungushwa kwenye gurudumu lake, ukunjue wote hata kama unahitaji mita 5 tu, kwa sababu waya uliojikunja hauna pa kupumulia na ngozi yake huyeyuka.

Ya pili ni maji. Mchanga wa pwani ulioloa ni njia nzuri sana ya umeme kupita, hasa kwa mtu aliyesimama peku. Vaa viatu vyenye soli nzima, yainue maungio ya waya juu ya mbao au kreti, na usifanye kazi mvua inaponyesha hata kama ni ya rasharasha. Kitu kimoja ningekipa kipaumbele mbele ya zana yoyote mpya: breka inayohisi umeme unaovuja na kukata unapofika miliampea 30. Ziko za kufungwa ukutani na ziko za kuchomekwa kama plagi. Nyumba nyingi za zamani, za Mji Mkongwe na za mashamba vile vile, hazina kifaa hicho, na fyuzi ya kawaida haimlindi mtu, inalinda waya.

Jenereta ikae nje, mbali na milango na madirisha. Moshi wake una gesi ya kaboni monoksidi isiyokuwa na harufu wala rangi, nayo huua ndani ya banda lenye kuta tatu sawa na chumbani.

Mashine za msasa ni za aina ngapi, na zinashikwaje?

Zinazoonekana zaidi kwetu ni mbili. Ya ukanda hukwangua haraka na hufaa kusawazisha ubao uliotoka kupasuliwa au uso wa meza. Ya duara, ambayo kitako chake huzunguka na kutikisika kwa pamoja, hufaa kulainisha kabla ya vanishi. Namba ya msasa ikiwa ndogo, chembe zake ni kubwa: anza na 60 au 80, pita 120, malizia na 180 au 240. Anayeruka kutoka 60 hadi 240 ataikandamiza mashine kwa saa nzima akijaribu kufuta mikwaruzo, na hapo ndipo mikono huchoka na ajali hukaribia.

Ya ukanda ndiyo yenye kiburi. Ishikwe kwa mikono miwili, iwashwe ikiwa imeinuliwa, iteremshwe polepole huku ikisogea, kisha iinuliwe kabla ya kuzimwa. Ukanda wake huivuta mashine mbele na kuusukuma ubao nyuma, kwa hiyo ubao usiofungwa hurudi kwa kasi ukampiga fundi tumboni. Ufunge kwa jiliwa au kibano, au uuegemeze kwenye kizuizi kilichopigiliwa mezani. Ndani ya ukanda mna mshale unaoonesha upande wa kuzunguka. Ukivikwa kinyume, maungio yake huachia na ukanda hukatika. Ile ya duara kwa kawaida huwekwa juu ya ubao kwanza ndipo ikawashwa, ili isiuchimbe. Zote mbili hazihitaji kukandamizwa, kwani uzito wake wenyewe unatosha, na zote ziachwe zisimame kabisa kabla ya kuwekwa chini.

Vumbi la mbao lina ubaya gani? Wazee wetu wamelivuta maisha yao yote.

Wazee walitumia randa na msasa wa mkono. Randa hutoa maranda, na maranda huanguka miguuni. Mashine hutoa unga mwembamba unaoelea hewani na kuingia mpaka ndani ya mapafu. Hizo ni kazi mbili tofauti hata kama ubao ni ule ule. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu katika chapisho lake la mwaka 1995, na saratani inayohusishwa nalo zaidi ni ya ndani ya pua. Kabla ya kufika huko, vumbi la mvule huwasha ngozi na kuleta pumu kwa baadhi ya watu, na la msaji pia huwasha. Fundi anayepiga chafya na kutoka machozi kila anaposhika mbao ya aina fulani asichukulie kuwa ni mafua. Mwili unamwambia aiache au ajikinge zaidi.

Kinga bora ni kulikamata vumbi linapotoka, yaani mfuko wa mashine uwe umefungwa na haujajaa kupita nusu, au mashine iunganishwe na kifyonza vumbi. Baada ya hapo ndipo barakoa. Kipande cha kanga au barakoa ya kitambaa huzuia chembe kubwa tu. Inayotakiwa ni ile iliyoandikwa FFP2 au N95. Barakoa hiyo hufanya kazi iwapo imegusana na ngozi pande zote, na kwa wenye ndevu haigusani. Sisemi mtu anyoe ndevu zake. Nasema mwenye ndevu ategemee zaidi mfuko, kifyonza vumbi na upepo, huku akivaa barakoa kwa kile kidogo itakachosaidia.

Upepo nao una namna yake. Ukisimama kwa kuupa mgongo, hupinda mbele ya kifua na kurudisha vumbi usoni. Upokee ubavuni. Meza iliyowekwa vizuri wakati wa kaskazi huenda ikahitaji kugeuzwa kusi inapoanza, na kuigeuza ni kazi ya dakika chache. Karakana isifagiwe kwa ufagio mkavu. Nyunyiza maji kidogo kwanza, mbali na soketi.

Nataka kuusafisha mlango wa zamani wenye nakshi. Naweza kutumia mashine ya msasa?

Kwenye nakshi, hapana. Mashine haijui tofauti ya rangi na ubao, na katika muda wa kunywa kahawa inaweza kulainisha maua na minyororo ambayo fundi aliichonga kwa patasi kwa wiki kadhaa. Nimeona mifaa, ile miti ya kusimama katikati ya mlango, iliyobaki kama mpini wa jembe. Misumari ya shaba nayo hupasua msasa.

Kuna hatari nyengine isiyoonekana. Rangi za mafuta za zamani mara nyingi zilichanganywa na risasi, ile metali, na mlango uliopakwa rangi juu ya rangi kwa miongo mingi huenda unayo katika tabaka za chini. Ukiikwangua kavu kwa mashine, vumbi la risasi huenea nyumba nzima, na wanaodhurika zaidi ni watoto wadogo, kwa sababu huathiri ubongo unaokua. Rangi ya namna hiyo iloweshwe na ikwanguliwe kwa mkono kwa msasa wa maji, mabaki yakusanywe yakiwa bado majimaji, na watoto na wajawazito wakae mbali. Usijaribu kuunganisha njia mbili kwa kutia maji chini ya mashine ya umeme. Kwa nyumba zilizomo ndani ya Mji Mkongwe, ambao umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, uliza kwanza kwa Mamlaka ya Mji Mkongwe kabla ya kugusa mlango.

Kwa nini inakatazwa kufunga msumeno wa mbao kwenye grenda? Mafundi wengi wanafanya.

Wanafanya, na wengi wao wana kovu la kuonesha. Grenda ndogo ya milimita 115 huzunguka takriban mara 11,000 kwa dakika, haina mshiko wala kinga ya kuongozea msumeno, na meno yakishika fundo la mti, mashine huruka kuelekea pajani, tumboni au shingoni kwa muda mfupi kuliko wa mtu kushtuka. Msumeno wa umeme wa kawaida una kitako kinachokaa juu ya ubao na kinga inayojifunga yenyewe. Grenda haina kimoja wala kingine, na hakuna ustadi wa mkono unaojaza pengo hilo.

Kosa la pili, ambalo naliona ni baya zaidi, ni kuondoa kinga ili diski kubwa ienee. Kila diski imeandikwa mwisho wa kasi yake. Ile ya 115 kwa kawaida huvumilia mizunguko 13,300, ilhali ya 230 mwisho wake ni 6,600. Ukiifunga ya 230 kwenye grenda ndogo, unaizungusha zaidi ya mara moja na nusu ya inavyostahimili, na diski ikipasuka vipande vyake huruka kama risasi. Kinga ibaki mahali pake, na uwazi wake uelekee upande usiokuwa na mwili wa mtu. Simama pembeni ya mstari wa diski, usisimame nyuma yake.

Diski za kukatia chuma zina tarehe ya mwisho, iliyopigwa kwenye ule mkanda mdogo wa bati katikati. Gundi inayozishika hudhoofika, na unyevunyevu wa visiwani huiharakisha. Diski iliyolowa, iliyoanguka au iliyopita tarehe itupwe. Mpya ikishafungwa, iache izunguke dakika moja bila ya kukata, ukiwa umeielekeza pasipo na mtu.

Nivae nini?

Miwani ya kinga iliyofunika pembeni, kila mara. Miwani ya kusomea haihesabiki. Viatu vilivyofunika vidole. Nguo ya kubana, mikono mifupi au iliyofungwa vifungo. Anayetoka msikitini Ijumaa akapitia karakanani kumalizia kazi avue kanzu kwanza, na msuli usivaliwe mbele ya mashine inayozunguka. Kwa mafundi wanawake, mtandio uingizwe ndani ya ovaroli au kivaliwe kitambaa kifupi cha kufunga kichwa. Pete, saa na tasbihi ya mkononi vitolewe. Glavu hazivaliwi kwenye drili ya kusimama wala mashine ya kukereza, kwani uzi wake ukinaswa huvuta na mkono.

Na masikio?

Kelele zinapofika desibeli 85 kwa siku nzima ya kazi, usikivu huanza kuharibika, na grenda hufika karibu 100. Kwa kiwango hicho robo saa kwa siku inatosha kuleta madhara. Uziwi huu hauumi na haurudi. Vaa vizibo vya masikio, pamba haisaidii.

Mwezi wa Ramadhani tufanye vipi kazi za mashine?

Zipangwe upya, wala zisiachwe. Kazi za hatari, kama kupasua na kukata kwa grenda, zifanywe asubuhi mapema, mwili ukiwa bado na nguvu ya daku. Adhuhuri mpaka alasiri ziwe za kuunganisha, kupima, kuchora nakshi na msasa wa mkono. Saa ya mwisho kabla ya futari, mtu akiwa na kiu na akiharakisha kurudi nyumbani, zana zote ziwe zimeshachomolewa. Wateja wanaotaka makochi na makabati kabla ya Sikukuu wataudhika, lakini kazi ichukuliwe kwa kadiri ya saa hizo.

Karakana inaweza kushika moto kwa sababu ya vumbi?

Inaweza, na mara nyingi moto huanza baada ya watu kuondoka. Msasa ukigonga msumari, cheche huingia kwenye mfuko wa vumbi na kufukuta taratibu. Mfuko umwagwe kila jioni, nje, kwenye pipa la bati. Grenda isikatie chuma mahali palipotapakaa maranda. Vitambaa vilivyofutia mafuta ya kitani ni hatari ya aina yake, kwani hupata moto vyenyewe vikirundikwa. Vitandazwe kimoja kimoja nje vikauke, au vitiwe kwenye ndoo ya maji. Moto wa waya usimwagiwe maji kabla ya kukata umeme.

Mwanafunzi wa karakana aanze lini kushika mashine, na sheria inasemaje?

Zanzibar ina Sheria yake ya Usalama na Afya Kazini, Namba 8 ya mwaka 2005, tofauti na ile ya Tanzania Bara ya mwaka 2003. Mwenye karakana ndiye anayebeba dhamana ya usalama wa anaowaajiri na anaowafundisha, na kumwambia kijana «jiangalie» hakumwondolei dhamana hiyo. Kwa maoni yangu mwanafunzi aanze na randa na msasa wa mkono mpaka aujue ubao, kisha drili, kisha mashine ya msasa, na grenda na msumeno wa meza viwe vya mwisho. Kabla ya kuwasha chochote aweze kukieleza kwa maneno yake: swichi iko wapi, kinga inafanya nini, na nani atachomoa plagi likitokea jambo.

Ajali ikitokea tufanye nini kabla ya kufika hospitali?

Kwa aliyeshikwa na umeme, usimguse. Kata umeme kwanza. Kwa jeraha linalovuja damu, kandamiza kwa kitambaa safi bila ya kuachia na uinue mkono juu. Unga wa kahawa na majivu visitiwe. Kidole kikikatika, kivikwe kitambaa safi kilicholowa kidogo, kitiwe kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa vyema, na mfuko huo uwekwe kwenye chombo chenye maji na barafu. Kisigusane na barafu yenyewe. Kwa kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Zanzibar na haipatikani ovyo, weka mapema mfuko mmoja wa kufungika ndani ya sanduku la huduma ya kwanza. Kipande cha chuma kilichozama jichoni kisitolewe wala jicho lisisuguliwe. Lifunikwe kwa kikombe kisafi kisichokandamiza, na majeruhi apelekwe Mnazi Mmoja kwa Unguja, au Chake Chake, Wete au Abdalla Mzee, iliyo karibu kwa Pemba.

Hewa ya chumvi inaharibu mashine zangu. Nifanye nini?

Usiziache kwenye sakafu ya saruji wala karibu na dirisha la pwani. Zipulizwe vumbi kila jioni, kwa sababu unga wa mbao hunyonya unyevu na kuushikiza kwenye chuma, kisha zitiwe sandukuni zikiwa zimeshapoa. Kagua waya mahali unapoingia kwenye mwili wa mashine, maana hapo ndipo unapopasuka kwanza, na usiufunge kwa utepe, ubadilishwe. Cheche nyingi zikionekana kwenye matundu ya mota, kaboni zake, yaani vile vipande viwili vya makaa vinavyopeleka umeme ndani ya mota, zimekwisha. Zitoe uzipime, na zikibaki takriban milimita 5 zibadilishwe zote mbili kwa pamoja, hata kama moja bado ni ndefu.